Jalada la Kitabu na Jalada la Kesi: Herufi za Taipureta Katika Usanifu Wetu

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kuigawa kazi mafungu mawili, fani na maudhui. Chini ya fani tunaorodhesha muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika na mandhari. Tukishamaliza hapo tunaongeza kidogo juu ya jina la kitabu, na mhakiki mwenye bidii huandika sentensi mbili kuhusu picha ya jaladani. Lakini herufi zenyewe, zile ambazo kwazo kazi nzima inatufikia machoni, hakuna anayezitaja. Tunazichukulia kama maji ya kunywa: yapo tu, hayana rangi wala ladha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba herufi zina historia, na kwamba historia hiyo huingia katika maana ya kazi, mwandishi apende asipende.

Nitashughulika na aina moja tu ya herufi, yaani zile zinazoiga maandishi ya taipureta, au mashine ya kupiga chapa kama ilivyoitwa maofisini. Siku hizi herufi hizi zimerudi kwa kishindo. Utaziona kwenye majalada ya diwani, kwenye mabango ya maigizo, kwenye matangazo ya makongamano, hata kwenye fulana. Anayezitumia ukimwuliza kwa nini, atakujibu kwamba zina ladha ya zamani.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni lakini wa kawaida kabisa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi amekwenda Nyakunguru, wilayani Tarime, katika vijiji vya Wakuria vilivyo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Amekaa na wazee, amerekodi hadithi na nyimbo za litungu, amerudi chuoni akazinukuu na kuzifasiri. Sasa anatengeneza kijitabu. Anafika kwenye jalada, anafungua kompyuta, anachagua fonti ya taipureta iliyochakazwa makusudi, herufi nyingine zimefifia na nyingine zimejaa wino, kisha nyuma yake anaweka rangi ya karatasi kuukuu. Wenzake wanamsifu: safi sana bwana, inaonekana ya kale! Swali langu ni dogo tu. Ni ukale wa nani?

Mashine na sura yake

Kabla ya kujibu, hatuna budi kuijua mashine yenyewe, kwani sura ya herufi hizi haikutokana na matakwa ya msanii bali ilitokana na chuma. Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza ya taipureta yao huko Marekani mwaka 1868. Mwaka 1873 kampuni ya Remington, iliyojulikana kwa kutengeneza bunduki, ikaanza kuiunda kiwandani. Mashine ile ya kwanza ilipiga herufi kubwa peke yake. Herufi ndogo zilikuja na Remington namba 2 ya mwaka 1878, baada ya kubuniwa kibonye cha kubadili kati ya kubwa na ndogo.

Kila ukigonga kibonye, kigari kinachobeba karatasi husogea hatua moja, na hatua hiyo ni ile ile kwa kila herufi. Kwa hiyo basi, herufi nyembamba na herufi pana zote zilipewa chumba cha ukubwa mmoja. Herufi i ikafungiwa miguu mirefu ili ijaze nafasi yake, na herufi m na w zikabanwa mpaka zikakosa pumzi. Msomaji wa Kiswahili atagundua mara moja maana ya jambo hili. Ngeli yetu ya watu huanza na m katika umoja na w katika wingi: mtu, watu, mwalimu, walimu, mwanamke, wanawake. Kwenye ukurasa wa taipureta, herufi inayomtangaza binadamu katika lugha yetu ndiyo iliyobanwa kuliko zote.

Vipimo vilivyoenea vilikuwa viwili. Kimoja kiliitwa paika, herufi 10 kwa inchi, na cha pili eliti, herufi 12 kwa inchi. Jina Nyakunguru lina herufi 10. Kwa kipimo cha paika, Nyakunguru ni inchi moja kamili, haipungui wala haizidi. Ndivyo mashine ilivyokipima kijiji, na ndivyo ilivyopima kila kijiji: kwa idadi ya migongo.

Mashine ilikuwa na upungufu mwingine. Nyingi hazikuwa na tarakimu 1. Mpiga chapa alitumia herufi ndogo l badala yake. Alama ya mshangao alipaswa kuiunda, apige nukta, arudi nyuma hatua moja, kisha apige ritifaa juu yake. Hapakuwa na herufi nzito wala za mlazo. Aliyetaka kusisitiza jambo alikuwa na njia mbili tu: herufi kubwa, au mstari chini ya maneno. Na kadiri mashine ilivyozeeka, matundu ya o na e yalijaa uchafu wa wino, herufi moja ikapinda, nyingine ikapanda juu ya mstari. Kila mashine ikawa na kilema chake, hata wapelelezi wakaweza kutambua barua fulani ilipigwa kwa mashine gani. Vilema hivyo ndivyo leo tunavyovinunua kama urembo.

Mashine ilipokutana na Kiswahili

Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu kabla ya mashine hii kufika. Hati ile nayo ilikuwa na taabu yake. Harakati zake ni tatu, fatha, kasra na dhuma, na irabu za Kiswahili ni tano. Waandishi wa pwani walilijua tatizo hilo, na wengine walibuni alama za kutenganisha e na i, o na u. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu litaturudia kwa sura nyingine tutakapofika Tarime.

Utawala wa kikoloni ulipotaka Kiswahili kimoja cha shule na ofisi, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya kusimamia tahajia na vitabu. Tahajia ya Kirumi iliyosanifiwa iliingia katika mashine ya Kiingereza bila kugomba. Haikuhitaji alama juu ya herufi wala chini yake. Sauti zisizokuwamo katika Kiingereza ziliandikwa kwa kuunganisha herufi zilizopo: gh, kh. Vibonye vya q na x vikabaki bila kazi, na c ikawa haifanyi lolote pasipo h. Ukiilinganisha na Kigikuyu, ambacho huhitaji alama juu ya i na u ambazo mashine ya kawaida ya Kiingereza haikuwa nazo, utaona Kiswahili kilivyobahatika.

Mahali pamoja tu palikwaruza: ng'. Katika mashine nyingi za zamani ritifaa ilikaa juu ya tarakimu 8, hivyo ili kuandika ng'ombe ilibidi mpiga chapa akamate kibonye cha kubadilisha katikati ya neno. Katika wilaya kama Tarime, ambako ng'ombe ni mahari, ni akiba na mara kwa mara ni chanzo cha kesi, neno hilo halikupita bila kusimama. Mwenye haraka angeiacha ritifaa, na ng'ombe wa mtu akaingia katika kumbukumbu za serikali kama ngombe.

Mashine ikazaa pia mtindo wake wa Kiswahili. Tazama barua rasmi ya Kitanzania mpaka leo: Kumb. Na. juu kushoto, kisha Ndugu, kisha YAH: na kichwa cha habari kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, mwishoni cheo cha mkubwa, au k.n.y. kama aliyetia sahihi ni mdogo wake. Na chini kabisa Nakala kwa: wafuatao. Wengi hudhani huu ni utaratibu wa lugha. Kwa sehemu kubwa ni utaratibu wa chuma. Herufi kubwa na mstari vipo kwa sababu hapakuwa na herufi nzito. Nakala zipo kwa sababu karatasi ya kaboni iliweza kutoa kadhaa kwa pigo moja, ya juu nyeusi, ya mwisho hafifu kama kivuli. Tena anayehitimu uhazili, tuseme kutoka Chuo cha Uhazili Tabora, alifunzwa hatimkato na kasi ya vidole ili maneno ya mkubwa yapite mikononi mwake bila yeye kuonekana. Katika barua nzima, mtu aliyegonga kila herufi aliachiwa pengine vifupisho vya jina lake chini ya ukurasa. Sisi wahakiki tunaouliza kila siku msimulizi ni nani, hapa tungepata pa kuanzia: sauti inayosema haina mwili, inajiita ofisi.

Hapo ndipo neno letu jalada linapotufaa. Kwa mhakiki, jalada ni gamba la kitabu. Kwa karani wa mahakama, jalada ni faili la kesi. Maana zote mbili ni Kiswahili sanifu, na msanii anayeweka herufi za taipureta kwenye jalada la kwanza anaalika jalada la pili lije kukaa juu yake.

Irabu saba, vibonye vitano

Sasa turudi Nyakunguru. Mtu wa kijiji cha namna hii alikutana wapi na herufi za mashine? Hakukutana nazo katika hadithi. Hadithi ilikuwa mdomoni mwa bibi, wimbo ulikuwa kwa mpiga litungu, na mambo ya jamii yalizungumzwa katika iritongo, mkutano wa hadhara wa wazee na watu wao, ambako uzito wa neno ulitegemea nani amesimama kulisema. Herufi ya mashine ilifika kwa tarishi. Ilikuwa mwito wa mahakama, agizo la kodi, waraka wa wilaya, hati ya mashtaka. Asiyejua kusoma alimtafuta wa kumsomea, na akitaka kujibu alikwenda mjini kwa mpiga chapa wa kibarazani, akalipa, akasimulia shida yake kwa maneno yake, akarudishiwa karatasi inayoanza na YAH:. Simulizi imeingia upande mmoja, imetoka upande wa pili imevaa suti.

Sidai kwamba mashine ilikuwa adui. Karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyomwezesha mnyonge kusikilizwa mahali ambapo sauti yake isingefika. Nadai tu kwamba haikuwa sauti yake.

Na kuna hoja iliyo nzito zaidi, kwani hii si ya hisia bali ya isimu. Kikuria, ambacho wenyewe hukiita Igikuria, kina irabu saba. Kati ya e na i za Kiswahili, na kati ya o na u, kuna tofauti ambazo sikio la Mkuria linazisikia bila taabu: e iliyofunga na e iliyofunguka, o iliyofunga na o iliyofunguka. Wanaisimu huandika zile zilizofunguka ɛ na ɔ. Taipureta iliyofika Tarime ilikuwa na irabu tano. Mbili hazikuwa na kibonye. Ndiyo taabu ile ile ya harakati tatu kwa irabu tano niliyoitaja, isipokuwa safari hii Kiswahili kipo upande wa aliyetosheka, na Kikuria upande wa aliyepunjwa.

Zaidi ya hayo kuna toni. Leonard Chacha Mwita aliandika tasnifu nzima juu ya toni ya vitenzi vya Kikuria mwaka 2008, na uchunguzi wake pamoja na wa wenzake umeifanya lugha hii ijulikane miongoni mwa wanaisimu duniani. Sababu ni kwamba, katika kitenzi cha Kikuria, toni ya juu huhesabiwa mahali pake kutoka mwanzo wa shina. Njeo moja huiweka kwenye mapigo ya kwanza, nyingine ya pili, nyingine ya tatu, nyingine hata ya nne. Yaani msemaji anahesabu mpaka nne bila kujua kwamba anahesabu, na kwa hesabu hiyo msikilizaji anapata kujua ni njeo gani. Urefu wa irabu mashine iliweza kuuandika kwa kurudia herufi. Toni haikuweza hata kidogo. Aliyekusanya hadithi na kuzipiga chapa ilimlazimu kurudi na kalamu, ukurasa baada ya ukurasa, atie alama kwa mkono juu ya herufi. Asipofanya hivyo, hadithi ilibaki bubu nusu.

Sasa jamani, tuone mwanafunzi wetu wa mfano amefanya nini. Amekwenda kuziokoa hadithi za Nyakunguru zisipotee. Halafu, ili zionekane za kale, amezivika herufi ya chombo kile kile kilichokuwa hakiwezi kuziandika. Ukale alioupaka jaladani si ukale wa hadithi, ni ukale wa ofisi ya wilaya. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hataona kosa lolote. Lakini mzee wa Tarime akionyeshwa jalada hilo, bila miwani, kabla hajasoma neno, ana haki ya kuuliza: nimeshtakiwa kwa nini?

Upande wa pili wa mashine

Nisije nikaonekana nimehukumu kwa ushahidi wa upande mmoja. Taipureta haikukaa mikononi mwa serikali peke yake, na mahali pazuri pa kulionyesha hilo ni hapa hapa kwenye magazeti ya wanafunzi.

Novemba 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokuwa katika umoja wa kimapinduzi wa USARF walitoa toleo la kwanza la jarida la Cheche. Miongoni mwa wahariri wake walikuwamo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Walter Rodney aliandika katika toleo la kwanza, na Septemba 1970 toleo maalumu lilibeba uchambuzi wa Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka ya kimya kimya nchini. Novemba 1970 jarida na umoja wenyewe vilipigwa marufuku. Moja ya lawama ilikuwa jina, ambalo liliazimwa kutoka gazeti la Lenin, kana kwamba Watanzania hawana itikadi yao.

Cheche, kama Hirji na wenzake walivyosimulia katika kitabu cha kumbukumbu kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2010, ilipigwa chapa kwenye stensili na kurudufiwa. Anayekumbuka kazi hiyo anajua jasho lake. Utepe wa wino unawekwa kando ili chuma kigonge chenyewe na kukata nta ya stensili. Ukigonga kwa nguvu, tumbo la herufi o linakatika na kudondoka, na kwenye nakala linatoka doa jeusi. Ukigonga kwa huruma, herufi haitoki. Ukikosea, unapaka dawa, unasubiri ikauke, unapiga tena. Kisha stensili inavishwa kwenye pipa la mashine ya kurudufu, mtu anazungusha mkono, kurasa zinatoka mbichi, na marafiki wanazipanga na kuzibana usiku kucha.

Herufi za Cheche basi ni herufi za taipureta, tena mbaya mbaya, zenye madoa. Lakini zinasema jambo tofauti kabisa na YAH:. Zinasema: tumefanya wenyewe, hatukuomba ruhusa ya kiwanda cha uchapaji. Leo mtu akitengeneza bango la kongamano kuhusu Cheche, au kuhusu harakati za wanafunzi za miaka ile, na akatumia herufi za taipureta, mimi nitamwunga mkono. Ukale anaoutaja ni wa kweli, na mwenyewe anajulikana.

Tuweke mfano wa pili pembeni yake. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa 1968 uitwao Kenya: Twendapi? Mashairi yaliyotolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Mtu akitaka leo kutengeneza jalada jipya la diwani hiyo, atashawishika sana kutumia herufi za taipureta, maana ni miaka ya sitini na sabini, ni siasa, ni gereza. Lakini hebu afikiri. Katika kisa hiki taipureta ilikuwa wapi? Ilikuwa mahakamani, ikipiga mashtaka. Mshairi alikuwa na mkono wake tu. Kumvika herufi za mashine ni kumhamisha kutoka kizimbani na kumkalisha kwenye kiti cha mwendesha mashtaka. Muda ni ule ule, na nchi ni ile ile, ila sauti imebadilishwa. Ndiyo maana nasema haitoshi kuuliza herufi ni ya miaka gani. Lazima tuulize ilikuwa mkononi mwa nani.

Herufi zilivyorudi bila mashine

Pengine msomaji atasema: lakini fonti hizi zimetoka ng'ambo, hazijui habari za Tarime wala za gereza. Ni kweli, na historia yake inasaidia hoja.

Courier ilichorwa na Howard Kettler kwa ajili ya taipureta za IBM mwaka 1955. IBM haikujihifadhia haki ya peke yake, kwa hiyo ikaenea kila mahali, na baadaye ikaingia katika kompyuta. Imeendelea kuishi kwa sababu za kazi, wala si za urembo. Waandishi wa programu za kompyuta hupenda herufi zinazopangana wima. Waandishi wa filamu wa Marekani hupiga miswada yao kwa Courier kwa sababu ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliitumia katika nyaraka zake mpaka mwaka 2004. Huyo ni mtumishi wa ofisi aliyebadilishiwa meza tu.

American Typewriter ya Joel Kaden na Tony Stan, ya mwaka 1974, ni jambo jingine. Hapa herufi zimeachiwa huru kutoka kwenye vyumba vya ukubwa mmoja. M imepata nafasi yake, i imepunguzwa. Ni kumbukumbu ya taipureta iliyooshwa na kupigwa pasi. Na mwaka 1991 Mholanzi Erik van Blokland akatoa Trixie, ambayo iliiga maandishi ya mashine halisi iliyochoka, pamoja na uchafu wake wote. Trixie ilipata umaarufu katika tamthilia ya televisheni ya The X-Files iliyoanza mwaka 1993, ambayo mada yake, msomaji atakumbuka, ni mafaili ya siri ya serikali. Kwa hiyo hata huko Marekani, waliotafuta sura ya jalada la serikali waliikuta katika herufi hizi. Maana niliyoitaja siyo ndoto ya Tarime peke yake.

Kuna tofauti moja kati ya mashine na fonti ambayo mhakiki anapaswa kuijua. Katika ukurasa wa taipureta halisi, hakuna a mbili zilizofanana, kwa sababu kidole hakina nguvu moja asubuhi na jioni. Katika fonti ya kawaida ya kuiga, a yenye doa kushoto itakuwa na doa lile lile kushoto kila itokeapo. Tazama neno Nyakunguru katika fonti ya namna hiyo: u tatu, zote zimepasuka mahali pamoja. Kilema kinachojirudia bila kukosea siyo kilema tena, ni sare. Kinachodaiwa kuwa alama ya mkono wa mtu ni alama ya kutokuwapo kwake.

Nini kifanyike?

Sipendekezi kwamba herufi za taipureta zipigwe marufuku. Tumeshaona marufuku zinavyofanya kazi. Napendekeza mambo matatu kwa wenzetu wanaosanifu majalada na mabango, na kwa sisi tunaoyahakiki.

Kwanza, kabla ya kuchagua, tuulize ni nani alikuwa na mashine katika kisa hiki. Kama riwaya inahusu karani, mpelelezi, mwandishi wa habari au wanafunzi wenye stensili, herufi hizo ni sehemu ya mandhari. Kama inahusu watu walioandikwa bila wao kuandika, basi jalada litakuwa limechukua upande, na msanii ajue hivyo. Anaweza hata kulitumia jambo hilo kwa makusudi. Tuseme sauti ya serikali kwenye kitabu ipigwe kwa Courier, na sauti ya bibi kwa herufi nyingine, ili msomaji aone kwa macho mapambano ambayo mhakiki angeyaeleza kwa kurasa tano.

Pili, kazi za lugha zetu za asili zichunguzwe kwa mahitaji yake kwanza, na urembo baadaye. Fonti nyingi za bure zinazoiga taipureta hazina ɛ wala ɔ, na alama za toni hazikai vizuri juu ya herufi zake. Ukiandika irabu ya Kikuria, kompyuta inakuletea kisanduku kitupu, au inaazima herufi kutoka fonti nyingine, na neno linatoka lina kiraka. Kwa upande mwingine zipo fonti kama Charis SIL na Doulos SIL, zinazopatikana bure, ambazo zilitengenezwa hasa kwa lugha za namna hii. Hazina ladha ya zamani, ni kweli. Lakini zinatamka.

Tatu, katika uhakiki, herufi ziingie kwenye orodha ya vipengele vya fani. Mwanafunzi anayeandika juu ya mtindo aulizwe pia: maneno haya yamevaa nini, na vazi hilo limetoka wapi?

Nikirudi kwa mwanafunzi wetu wa Nyakunguru, ningemshauri kazi moja rahisi. Achukue kichwa cha hadithi ya kwanza aliyopewa, akiandike kwa Igikuria, irabu zote saba zikiwa na haki zao na toni mahali pake, kwa ukubwa unaojaza nusu ya jalada. Jina la kijiji liandikwe chini yake. Kisha ampelekee mzee aliyesimulia, amwombe ajisomee, au asomewe na mjukuu wake. Mjukuu akisoma na mzee akaitikia kwamba ndivyo alivyosema, jalada limekamilika, na wala halihitaji doa la wino.

Hayo ndiyo maoni yangu. Najua wapo watakaosema kwamba herufi ni herufi tu, tusome yaliyomo. Nawakaribisha waandike, ila watuambie pia wangependa tuwachapie kwa herufi gani.